Kontroli Namba na Faili Linaloieleza

Anayelipa bili ya maji Musoma, mwenye duka anayelipia leseni Bunda na mwanafunzi anayelipa ada ya chuo cha umma Butiama wote huulizwa kitu kimoja: kontroli namba. Tarakimu zake 12 hupita katika GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ulioanza mwaka 2017, ili taasisi, benki na kampuni za simu zisomane. Mifumo haisomani kwa bahati. Lazima mtu aandike kila sehemu ya ujumbe inaitwaje, ni ya aina gani, na jibu lirudi vipi.

Kijana wa Mkoa wa Mara anayetengeneza huduma ndogo ya kuwakumbusha wateja bili zao anaweza kuandika hayo kwa OpenAPI, utaratibu uliotokana na Swagger ya mwaka 2011. Faili moja la maandishi, kwa muundo wa YAML, linatosha. Kisha, kwenye dirisha la amri, amri ya programu ya openapi-generator-cli, `openapi-generator-cli validate -i huduma.yaml`, hukagua kama faili limeandikwa sawasawa. Kwa `generate -i huduma.yaml -g java -o mteja`, programu hiyo hiyo humwandikia msimbo wa kuiita huduma kwa lugha ya Java. Akibadilisha -g kuwa html2, anapata maelezo ya kusomwa na watu. Programu ikishapakuliwa, kazi hii haihitaji intaneti, na amri zikihifadhiwa, mwenzake anaweza kuzirudia vilevile.

Ila ukaguzi huo una mpaka. Tuseme ameieleza kontroli namba kuwa namba nzima ya biti 32. Faili litapita, kwa kuwa sarufi yake haina kosa. Lakini namba ya aina hiyo haivuki 2,147,483,647, yaani tarakimu 10. Msimbo wa Java uliozalishwa utashindwa kuisoma kontroli namba ya kwanza itakayofika. Namba ya simu nayo, ikihesabiwa kama kiasi, hupoteza sifuri ya mbele. Zote mbili ni vitambulisho. Hakuna anayezijumlisha, kwa hiyo ziandikwe kama maandishi.

Kosa la faili moja huenea katika kila msimbo uliozalishwa kutokana nalo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika `generate`, msanidi akae na karani wa bili, wafungue bili halisi, na wapitie faili mstari kwa mstari. Kompyuta inajua sarufi ya faili; karani ndiye anayeijua bili.