Jina Ndani ya Programu ya Malipo

Katika utunzi wa programu za kompyuta, kigeu ni jina la nafasi inayohifadhi thamani inayoweza kubadilika, na funksheni ni kifungu cha maagizo kilichopewa jina ili kiitwe kila kazi yake inapohitajika. Kompyuta haijali majina hayo. Anayeyategemea ni binadamu atakayeyasoma maagizo baadaye, ambaye mara nyingi siye aliyeyaandika.

Jijini Nairobi, uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika malipo ya simu. Kampuni ya simu ya Safaricom, yenye makao makuu Waiyaki Way, Westlands, ilizindua huduma ya malipo ya M-Pesa mwaka 2007, na baadaye ikafungua Daraja, mfumo wa kuunganisha programu za watu wengine na huduma hiyo, ambao jina lake ni zuri kwa kuwa latosha kueleza kazi yake. Ndani ya Daraja mna PartyA, yaani mtoaji wa fedha, na PartyB, yaani mpokeaji. Mteja akilipa dukani, PartyA ni nambari yake ya simu. Kampuni ikimtumia mteja fedha, PartyA ni nambari ya kampuni. Utaratibu huo ni thabiti, lakini herufi A na B hazimwelezi msomaji lolote, hivyo ni busara mtunzi aandike mtoaji na mpokeaji katika programu yake, na kuyageuza majina hayo pale tu ombi linapotumwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika jibu. Duka la katikati ya jiji, tuseme la Biashara Street, likituma ombi ili mteja aletewe simuni nafasi ya kuweka PIN, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode yenye tarakimu 0, maana yake ombi limepokelewa, wala si kwamba fedha zimelipwa. Matokeo yenyewe huja baadaye kwa jina la ResultCode, na huenda yakawa 1032: mteja ameghairi. Mtunzi akiliweka jibu la kwanza katika kigeu kiitwacho imelipwa, ameandika uongo ambao mwenzake atauamini. OmbiLimepokelewa ndilo jina la kweli. Kiswahili kina utajiri hapa ambao watunzi wa Nairobi, waliozoea Kiingereza, hawajautumia vya kutosha, kwani inalipwa, imelipwa na haijalipwa ni hali tatu za bili, kila moja kwa neno moja.

Funksheni nayo yafaa iitwe kwa kitenzi cha kuamuru. Hata hivyo, lipa huficha kazi mbili zinazotenganishwa na muda wa mteja kuwaza na kubonyeza. Ikigawanywa kuwa tumaOmbi na pokeaMatokeo, majina yenyewe huonyesha mahali ambapo duka lazima lingoje kabla ya kutoa bidhaa.