Kabla ya Mashine, Shika Padi

Mtoto wa ndugu yangu alirudi kutoka kibanda cha gemu jioni moja, uso umemvimba kwa hasira. "Ami, nimefungwa na padi," akaniambia. Waliokuwa barazani wakacheka, maana kila anayefungwa hapa mtaani kwetu Jadida, Wete, ana sababu yake. Kesho yake nilikwenda kibandani nikaomba ile padi niishike. Analogi ya kushoto ilikuwa imelegea. Ukiiacha bila kuigusa, beki anatoka mwenyewe mahali pake na kuelekea pembeni. Kijana alikuwa amesema kweli tupu.

Tangu siku ile, anayeniuliza anunue mashine gani namrudisha kwenye padi. Mashine unanunua mara moja. Padi utainunua tena na tena, utaipeleka kwa fundi, na ndiyo itakayoamua mwanao anajifunza kucheza au anajifunza kupigana na kifaa kibovu.

Nianze na ubishi mkubwa kuliko wote, wa mishale na analogi. Sisi tuliokulia kwenye PlayStation ya kwanza na PS2 tunaongoza mchezaji kwa mishale. Kwenye padi za Sony mishale iko juu kushoto, pale kidole gumba kinapotua chenyewe, na analogi iko chini yake, kwa ndani. Xbox imepindua mpangilio huo: analogi juu, mishale chini. Zamani hasara ya kutumia mishale ilikuwa ndogo, kwa kuwa mchezaji alikwenda pande 8 tu. FIFA 10 ilipotoka mwaka 2009 na kuruhusu kugeuka pande zote, mwenye analogi akapata njia ambazo mwenye mishale hana. Kwa hiyo ikiwa nyumbani kwako anacheza mtu mzima wa mishale, Xbox itamtesa, na ya Xbox 360 zaidi, kwani mishale yake ni sahani moja inayoyumba: unabonyeza juu, inachukua na pembeni. Mtoto anayeanza leo hana mazoea ya kuvunja. Yeye Xbox itamkaa mkononi vizuri, pengine kuliko PlayStation.

Halafu jasho. Wakati wa kaskazi, chumba kimejaa vijana na feni ni moja, vichwa vya analogi za PS3 vina mgongo wa mviringo na kidole kinateleza. Za PS4 zimechimbwa katikati na zina ukingo unaoshika kidole. R2 ya PS3 nayo imeinama kwa nje, kidole kinaponyoka mbio zikikolea. Katika FIFA ya mashine hizi R2 ndiyo ya kukimbia, ilhali PES imeweka mbio kwenye R1, kitufe kifupi kisichoteleza. Nimeona vijana wanaosema PES ni nyepesi mkononi. Wengine wao, nadhani, wanaisifu R1 bila kujua. Na anayehama kutoka PES kwenda FIFA ajiandae: mraba uliokuwa wa kupiga golini unakuwa wa kumimina krosi, na golini unapiga kwa duara.

Sasa chaji, ambayo kwetu ni gharama. Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na tofauti na enzi za majenereta ya Wesha ni kubwa mno. Hata hivyo umeme unakatika. Padi ya PS3 haikubali chaji kutoka chaja nyingi za simu. Inataka mashine yenyewe iwe imewashwa. Umeme ukirudi saa 2 usiku, unaanza na padi tupu na waya mfupi, umekaa karibu na runinga kama unayesoma maandishi madogo. Ya PS4 inakula chaja ile ile ya simu za zamani, hata pawa benki. Ya PS5 inatumia waya wa simu mpya. Xbox imebaki na betri mbili ndogo, za aina ya saa ya ukutani, na watu wengi huona hilo ni kasoro. Kwangu ni sifa, kwa sharti moja: nunua betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake siku ile ile. Ukitegemea betri za bei rahisi za dukani, zinakwisha haraka na utalipa bei ya padi ya pili bila kujua. Faida yake ni kwamba betri ikichoka unaitupa hiyo betri, padi haifunguliwi. Betri ya Sony imefungwa ndani, na ikizeeka ni safari ya kwa fundi.

Kwenye bei, chukueni zile zilizotangazwa Marekani kama kipimo, si kama bei ya duka la kwetu. DualSense ya PS5 ilianza kwa dola 70 mwaka 2020, Xbox ya mwaka huo dola 60, na padi ya PS4 ilipotoka 2013 ilikuwa dola 60 pia. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni 175,000 kwa ya kwanza na 150,000 kwa hizo mbili, kabla ya mzigo kuvuka bahari. Joy-Con mbili za Nintendo Switch zilianza kwa dola 80. Ni kweli kwamba Switch inakuja na vipande viwili, na watoto wawili wanaweza kucheza siku ya kwanza bila kununua padi nyingine. Lakini ni vidogo kwa mkono wa mtu mzima, na analogi zake ni maarufu duniani kwa kuanza kutembea zenyewe. Siwashauri wa Jadida.

Dukani utakutana na kopi ya padi ya PS4 kwa bei ya chini sana. Tuseme ni 40,000, na orijino 150,000. Nyumbani kwa mtoto mmoja kopi inaweza kuvumilika. Kibandani ni habari nyingine. Ndani ya analogi za kawaida, za Sony na za Xbox, kuna kijimkono kinachosugua utepe wa kaboni kila unapozungusha, na utepe unalika. Mafundi wa iFixit waliifungua DualSense mwaka 2021 wakakuta analogi iliyopimwa kwa mizunguko milioni 2, wakakadiria kwamba kwa mchezaji wa Call of Duty kiwango hicho kinafikiwa baada ya saa 417. Kibanda kinachofanya kazi saa 8 kwa siku kinazimaliza kwa siku 52. Mpira si vita, na padi haifi siku kipimo kinapotimia, lakini mwenye kibanda asishangae.

Basi orijino nayo inachoka. Tofauti iko kwa fundi simu: analogi ya orijino hutolewa ikachomelewa nyingine, na bodi inahimili. Ya kopi, njia zake za shaba hung'oka pamoja na risasi. Tuseme kubadilisha analogi ni 15,000 na unafanya mara tatu kwa mwaka: orijino imekugharimu 195,000 na bado unayo. Kopi ikifa kila miezi miwili, ni sita kwa mwaka, 240,000, na mwisho huna kitu. Weka bei zako, hesabu itakuwa ya namna hiyo hiyo. Kama mechi ni shilingi 500, kumbuka pia kwamba mpira wanacheza wawili, na padi moja mbovu inafunga kiti cha pili. Mwambie fundi atafute analogi za sumaku, ambazo hazisuguani ndani. Si ugunduzi wa jana, Sega aliziweka kwenye padi za mashine yake ya Dreamcast mwaka 1998. Zinahitaji kulinganishwa kwa kompyuta baada ya kufungwa, na hapo ndipo fundi mvivu hujulikana.

Angalia na umri wa mashine. PS3 ni rahisi kupatikana, ila FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwake. PS4 ilipata hata FC 25, mrithi wa FIFA, ya mwaka 2024. Padi ya PS4 kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 peke yake; za PS5 inazikataa, kwa hiyo anayepanda daraja ananunua padi upya. Xbox amewatendea wema wateja hapa: padi ya Xbox One ya 2013 inacheza gemu zote kwenye mashine zake za 2020. Mwenye ndugu Muscat anayeweza kumtumia Xbox na padi mbili alifikirie hilo kabla ya kukataa kwa mazoea.

Hata hivyo, kwa pesa za mavuno ya karafuu na marafiki wanaoazimana diski za PlayStation mtaa mzima, mimi nachagua PS4, na padi zilizotolewa kuanzia 2016, zenye kamstari ka mwanga juu ya kibao cha kugusa. Hizo unaweza kuziamuru zipitishe mawasiliano kwenye waya, na kibandani padi nne zikiwa chumba kimoja, waya ndio unaotuliza ugomvi.

Wengi tunanunua Darajani, Unguja. Niliwahi kuleta padi iliyotumika bila kuijaribu. Nikashuka bandarini Mkoani, nikapanda gari la 603 hadi Chake, nikapanda 606 hadi Wete, nikaiwasha nyumbani, mchezaji akaanza kutembea. Nauli ya kuirudisha ingekula nusu ya bei yake. Siku hizi naomba niiwashe hapo hapo kwenye runinga ya muuzaji. Naingia kwenye mechi, naiweka padi juu ya meza, sigusi kitu dakika mbili, namtazama mchezaji wangu. Akisimama, nazungusha analogi zote mbili hadi mwisho wa duara, nabonyeza R2 polepole, nachomeka waya nione kama taa ya chaji inawaka, ndipo natoa pesa.