Unga wa Mbwa: Tazama Kabla ya Kulipa

Wengi hudhani mahindi yenye ukungu, yasiyomfaa mtu, yanamfaa mbwa. Sivyo! Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo haitoki hata ukipika vipi. Mwaka wa 2004 iliwaua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mbwa naye humharibu ini.

Basi dukani usikimbilie bei tu. Soma gunia. Kwa kawaida kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi. Nyama au samaki wakiwa mwisho kabisa, hayo ni mahindi matupu. Tarehe je? Ule wa kupimwa kwa gorogoro, usio na karatasi yoyote, mimi siutaki. Ukinusa uvundo, rudisha.

Mbwa akikataa chakula, akitapika, ufizi ukawa manjano, mwite daktari wa mifugo upesi.