Texas: Ni nani aliyemhoji gavana wakati wa corona?

Tarehe 4 Machi 2020, maafisa wa afya wa kaunti ya Fort Bend, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, walitangaza habari iliyokuwa ikisubiriwa kwa hofu katika jimbo zima la Texas. Mwanamume mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliyekuwa ametoka safari ya nje ya nchi, alikuwa amegunduliwa kuwa na virusi vya corona. Ukiwaacha wasafiri waliorejeshwa na serikali ya Marekani na kuwekwa karantini kambini San Antonio, huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza katika jimbo hilo.

Sehemu ya kaunti hiyo ni mji wa Sugar Land, ulioitwa hivyo kwa sababu ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari vilivyoujenga. Leo wakazi wake wana asili ya pembe nyingi za dunia. Wamo Waismailia ambao baadhi ya familia zao zilihamia huko kutoka Afrika Mashariki, na Waafrika wanaofanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee.

Siku tisa baada ya tangazo la Fort Bend, tarehe 13 Machi, Gavana Greg Abbott alitangaza hali ya maafa katika jimbo lote. Kuanzia hapo shule, mikahawa na saluni zilifungwa, zikafunguliwa na kuwekewa masharti kwa amri zenye saini ya mtu mmoja. Katika makala haya tunaangalia swali ambalo wakazi wa Texas waliliuliza, na ambalo msikilizaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam pia huenda alijiuliza: serikali inapotawala kwa amri ili kuokoa maisha, ni nani anayeihoji?

Bunge lisilokuwapo

Jibu la kawaida ni kwamba kazi hiyo ni ya bunge. Lakini Bunge la Texas, lenye maseneta 31 na wawakilishi 150, hukutana mara moja tu katika miaka miwili. Kikao chake cha kawaida huanza mwezi Januari wa mwaka usiogawanyika kwa mbili na hakizidi siku 140. Mshahara wa mbunge ni dola 7,200 kwa mwaka, mbali na posho ya vikao, na wengi wana kazi nyingine za kuwapatia riziki. Walioandika katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1876 hawakutaka serikali yenye nguvu nyingi, na waliamini kuwa bunge likikaa muda mfupi litafanya madhara machache.

Virusi vya corona havikufuata kalenda hiyo. Kikao cha mwaka 2019 kilikuwa kimefungwa mwezi Mei, na kilichofuata kilipangwa kuanza tarehe 12 Januari 2021. Kwa miezi kumi, kipindi ambacho zaidi ya watu 25,000 walikufa kwa ugonjwa huo jimboni, bunge halikukaa hata siku moja.

Sheria iliyompa gavana mamlaka hayo ni Sheria ya Maafa ya Texas ya mwaka 1975. Inasema kwamba amri za gavana wakati wa maafa zina nguvu ya sheria, na inamruhusu kusimamisha baadhi ya kanuni zinazozuia juhudi za kukabiliana na maafa hayo. Tangazo la maafa hudumu siku 30, lakini gavana mwenyewe anaweza kuliongeza muda tena na tena.

Sheria hiyo inasema pia kwamba bunge linaweza kuifuta hali ya maafa wakati wowote. Tatizo ni kuwa wabunge wa Texas hawana uwezo wa kujiita kikaoni. Mwenye uwezo wa kuitisha kikao maalumu ni gavana peke yake, na ndiye anayepanga ajenda yake. Kwa maneno mengine, ufunguo wa chumba cha kumhojia gavana umo mfukoni mwa gavana. Mwaka 2020 Bwana Abbott hakuitisha kikao chochote. Kamati za Baraza la Wawakilishi zilibaki kuwaomba wananchi na taasisi wazitumie maoni yao kwa maandishi.

Amri juu ya amri

Bunge likiwa halipo, mvutano ulihamia kwingine. Kaunti za Texas huongozwa na afisa anayeitwa jaji wa kaunti, ambaye licha ya jina hilo kazi yake kubwa ni ya utawala. Jaji wa kaunti ya Dallas, Clay Jenkins, aliwaamuru watu wabaki majumbani tarehe 22 Machi 2020, na Fort Bend ikafuata siku chache baadaye chini ya KP George. Mwishoni mwa Aprili gavana alianza kulifungua jimbo na kusema amri zake ndizo zitakazotangulia za kaunti. Huko Harris, kaunti ya jiji la Houston, Jaji Lina Hidalgo alikuwa ameweka faini kwa wasiovaa barakoa, gavana akaizuia. Kisha tarehe 2 Julai, hospitali zilipoelemewa, gavana huyo huyo aliamuru barakoa zivaliwe karibu jimbo zima.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Mwenye duka wa Sugar Land alilazimika kuuliza kila wiki ni amri ya nani inayotumika.

Mfano uliovuma zaidi ulitoka Dallas. Tarehe 5 Mei 2020 mwenye saluni Shelley Luther alihukumiwa kifungo cha siku saba kwa kukaidi amri ya mahakama iliyomtaka afunge biashara yake. Siku mbili baadaye gavana aliibadilisha amri yake mwenyewe, akaondoa adhabu ya kifungo na kusema mabadiliko hayo yanarudi nyuma hadi mwezi Aprili. Mahakama ya Juu ya Texas ikaagiza mwanamke huyo aachiliwe. Waliomshangilia na waliomlaumu waliona jambo moja: adhabu ya kumpeleka mtu jela iliwekwa na kuondolewa bila mbunge hata mmoja kupiga kura. Bi Luther mwenyewe alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 2024.

Upande wa fedha nao ulizua maswali. Mwezi Mei 2020 serikali ya jimbo ilitia saini mkataba wa hadi dola milioni 295 na kampuni ya MTX, yenye makao yake Frisco, kaskazini mwa Dallas, ili kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa. Wabunge wa vyama vyote viwili walilalamika kwamba waliusikia mkataba huo baada ya kutiwa saini. Baadhi ya Warepublican, chama cha gavana mwenyewe, walikwenda mahakamani. Hoja waliyoitegemea wakosoaji wa gavana imo katika kifungu cha 28 cha ibara ya kwanza ya katiba ya Texas, kinachosema kuwa mamlaka ya kusimamisha sheria ni ya bunge peke yake.

Wabunge warejea Austin

Kikao kilipofunguliwa Januari 2021, wengi walitarajia bunge lichukue tena nafasi yake. Seneti ilipitisha pendekezo la Seneta Brian Birdwell la kurekebisha katiba ili gavana alazimike kuliita bunge endapo maafa yatazidi siku 30. Baraza la Wawakilishi nalo lilipitisha mswada wake, ulioandikwa na Dustin Burrows, wenye kuunda kamati ya wabunge ya kusimamia hatua za gavana wakati wa janga. Lakini mabaraza hayo mawili hayakukubaliana, na mapendekezo yote mawili yalikufa kabla ya kikao kumalizika.

Yaliyopita yalikuwa ya aina nyingine. Wabunge walizuia biashara kuwadai wateja uthibitisho wa chanjo, na wakaizuia serikali kufunga nyumba za ibada. Mwezi Novemba 2021 wapiga kura waliidhinisha pia rekebisho la katiba linalompa mkazi wa nyumba ya wazee haki ya kumteua mtu mmoja ambaye hawezi kuzuiwa kumtembelea. Rekebisho hilo lilitokana na uchungu wa familia ambazo kwa miezi mingi ziliwaona wazee wao kupitia vioo vya madirisha, na wengine hawakuwaona tena.

Mwaka 2023 bunge liliendelea na njia hiyo hiyo. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo inazikataza kaunti, miji na shule za umma kuwalazimisha watu kuvaa barakoa au kuchanjwa dhidi ya COVID-19. Miezi miwili kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Texas ilikuwa imeamua kwamba gavana alikuwa na uwezo wa kuzizuia serikali za mitaa kulazimisha barakoa.

Suala la chanjo liligusa ajira moja kwa moja. Mwezi Juni 2021 mfumo wa hospitali wa Houston Methodist, wenye hospitali pia Sugar Land, uliachana na wafanyakazi 153 waliokataa chanjo. Wengine walifukuzwa, wengine walijiuzulu. Oktoba mwaka huo gavana aliwapiga marufuku waajiri kulazimisha chanjo na akaliomba bunge, lililokuwa katika kikao maalumu, kuifanya amri hiyo kuwa sheria. Bunge lilifunga kikao bila kufanya hivyo. Sheria yenyewe ilipatikana Novemba 2023, ikiwa na faini ya dola 50,000 kwa mwajiri anayeivunja.

Tukiyatazama yote haya, picha inakuwa wazi. Bunge la Texas lilipunguza mamlaka ya kaunti, ya shule na ya waajiri. Mamlaka ya gavana ya kutangaza maafa na kuyaongezea muda kila siku 30 yalibaki yalivyokuwa.

Mfano wa Kenya

Nchini Kenya hali ilikuwa tofauti, ingawa haikukosa kasoro. Ibara ya 58 ya katiba inasema hali ya hatari haiwezi kuzidi siku 14 bila idhini ya Bunge la Taifa. Serikali haikuitumia ibara hiyo. Marufuku ya kutoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, ilitegemea sheria ya utulivu wa umma. Hata hivyo Seneti iliunda kamati maalumu ya COVID-19 kabla ya mwezi huo kwisha, na baadaye kamati za bunge ziliwahoji hadharani wakuu wa KEMSA, shirika la kusambaza dawa, kuhusu ununuzi uliotiliwa shaka. Maswali hayo hayakurudisha kila shilingi, lakini wananchi walisikia majibu, na majibu mabaya pia, wakati janga likiendelea.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo mkazi wa Sugar Land anaweza kuitafakari. Tangazo la maafa ya corona lililotolewa Machi 2020 lilifikia mwisho Juni 2023, baada ya kuongezwa muda kila mwezi kwa zaidi ya miaka mitatu. Kufikia hapo watu zaidi ya 90,000 walikuwa wamekufa Texas. Wako wanaoamini kuwa amri zilikuwa kali mno, na wako wanaoamini zililegezwa mapema mno. Pande hizo mbili hazitapatana kwa urahisi. Lakini zote mbili zilistahili mahali pa kuuliza maswali yao siku amri zilipotolewa, na mahali hapo, kwa miezi kumi, palikuwa pamefungwa.