Msagishaji, zijue uniti kabla ya kupanga bei

WENYE mashine za kusaga na kukoboa nafaka katika miji ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, mkoani Songwe, huijua vyema bei ya gunia la mahindi. Lakini ukiwauliza gunia hilo hula uniti ngapi za umeme mpaka liwe unga, wengi hutaja tu fedha walizonunulia LUKU. Hapo ndipo faida inapopotelea. Wiki hii tunaeleza maneno machache ya umeme ambayo kila msagishaji anapaswa kuyafahamu.

Volti ni msukumo wa umeme. Laini ya fezi moja ina volti 230, na ya fezi tatu volti 400. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Mota ya fezi tatu ya hospawa 20 ikifanya kazi kwa ukamilifu huvuta takriban ampea 28. Volti zikishuka hadi 340, mota hiyo huvuta kama ampea 33 ili kazi iendelee. Waya hupata joto, na hatimaye mota huungua. Ndiyo sababu inafaa kupima volti saa za jioni, wakati watumiaji ni wengi.

Wati ni kasi ya kutumia umeme. Hospawa moja ni wati 746, hivyo mota ya hospawa 20 ina takriban kilowati 15. Uniti ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kwa maneno mengine, kilowati huonyesha ukubwa wa mashine, na uniti ndizo unazolipia.

Tuchukue mfano. Mota hiyo ikisaga kwa saa 6 hutumia uniti 90, au zaidi kidogo kwa sababu ya umeme unaopotea kama joto. Tukitumia bei ya kundi la T1 iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, yaani sh. 292/- kwa uniti kabla ya kodi na tozo, gharama ni sh. 26,280/- kwa siku. Ikiwa yamesagwa magunia 30, kila gunia limekula uniti 3, sawa na sh. 876/-. Kwa gunia la madebe sita, ni sh. 146/- kwa debe.

Sasa nyundo zikichakaa, mkanda ukilegea, au mota ikiachwa izunguke bila mahindi, gunia laweza kula uniti 4. Ongezeko hilo la uniti moja ni sh. 8,760/- kwa siku kwa magunia 30. Mwenye mashine asiyesoma mita atadhani umeme umepanda bei, kumbe tatizo ni nyundo.

Kwa viwanda vikubwa, kama vya kukoboa kahawa wilayani Mbozi, kuna neno jingine: kVA. Mteja wa kundi la T2 hulipia uniti, na pia kilele cha kVA alichofikia katika mwezi. Kwa bei za 2016, kVA moja ilitozwa sh. 15,004/-. Mota zenye kazi ndogo kuliko ukubwa wake huvuta umeme mwingi usiofanya kazi. Kiwanda cha kilowati 80 chenye kipimo cha ufanisi cha 0.8 huhesabiwa kVA 100. Kikifunga kapasita na kufikia 0.95, huhesabiwa kVA 84 hivi. Tofauti hiyo ni zaidi ya sh. 230,000/- kwa mwezi.

Ushauri wetu ni rahisi. Andika uniti zilizosalia kwenye mita ya LUKU, saga magunia 10, kisha soma tena. Gawa tofauti kwa 10. Rudia kila Jumatatu na utunze daftari. Namba ikianza kupanda, kagua nyundo, mkanda na volti kabla ya kumwongezea mteja bei. Jirani yako aliyekwisha kagua hataongeza, na wateja watahamia kwake.