Kwa Nini Gobore Halijatoweka

Majeshi ya Ulaya yaliiacha bunduki ya kujazwa kwa mdomo wa mtutu katika karne ya 19, lakini gobore bado lipo Tanzania. Katika mikoa inayopakana na hifadhi za wanyama, Simiyu ukiwa mmojawapo, halijawa kitu cha makumbusho tu. Wengi huliona hilo kuwa dalili ya kubaki nyuma. Mimi naona sababu ni nyingine: gobore limedumu kwa kuwa mhunzi wa kijijini anaweza kuliunda na kulikarabati bila kumtegemea mtu wa mbali. Tusipolielewa hilo, hatutaweza kulimaliza gobore, wala hatutafaidika na ufundi uliolizaa.

Gobore ni mtutu uliozibwa nyuma, kitako cha mti, mdeki wa kushindilia na mtambo wa kuwasha baruti. Katika bunduki ya gumegume, mtambo hushika kipande cha jiwe gumu. Kifyatulio kikivutwa, springi hulirusha jiwe likakwaruza bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti iliyo kwenye kisahani, na moto ukapenya tundu dogo hadi ndani ya mtutu. Baadaye fataki ilichukua nafasi ya jiwe. Marekani wapo wapenzi wa historia wanaonunua seti ya vipande vya bunduki hii, wakasugua kwa tupa, wakachonga mti na kuunganisha wenyewe. Sheria ya nchi yao ya mwaka 1968 huihesabu kuwa silaha ya kale, wala haiibani kama bunduki ya kisasa. Lakini mwenye seti amepokea mtutu na mtambo vilivyotoka kiwandani. Mhunzi wetu hana seti. Huitazama bunduki iliyoharibika, akaelewa kazi ya kila kipande, kisha akakiunda upya kwa chuma anachokipata.

Uwezo huo haukuzuka jana. Usukumani, uhunzi ulikuwa kazi ya Balongo, waliofua majembe na mikuki kabla ya ukoloni, na kumbukumbu ya kazi yao imehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa. Bunduki zilifika bara kwa misafara kutoka pwani, na Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa askari waliozibeba. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu, na bunduki kuukuu haiendi mbali bila fundi. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890. Kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa na zenye mikururo ndani ya mtutu kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, eneo linaloimeza Tanzania nzima. Bila kibali maalumu, kilichoruhusiwa kuuzwa ni gumegume lisilo na mikururo, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo anayemcheka mwenye gobore kwa kuwa nyuma ya wakati akumbuke kwamba mpaka huo uliwekwa kwa maandishi na dola za kigeni.

Kuna watakaosema kuwa kuusifu ufundi huu ni kuwasifu majangili. Hoja hiyo ina uzito. Pori la Akiba la Maswa linapakana na Serengeti, na mnyama aliyepigwa kwa gobore amekufa sawasawa na aliyepigwa kwa bunduki ya kisasa. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila kibali, nami naiunga mkono. Hata usalama wa mpigaji mwenyewe unaidai: tangu mwaka 1813 Birmingham imekuwa na nyumba maalumu ya kujaribu mitutu kabla haijauzwa, ilhali mtutu wa kijijini haujaribiwi na mtu yeyote, nao unaweza kupasuka usoni mwa aliyeushika. Sitaki gobore lirudi. Nasema kwamba ukilikamata na kulichoma, umeondoa chuma tu. Aliyejua kulitengeneza bado yupo, na wateja wake bado wanajua anapokaa.

Wengine watauliza mhunzi atafanya nini zama hizi za bidhaa rahisi za viwandani. Jibu liko mashambani. Simiyu ni mkoa wa pamba na ng'ombe, na jembe la kukokotwa likivunjika wakati mvua zimeanza, mkulima wa Bariadi au Itilima hawezi kungoja kipuri kutoka nje ya nchi. Tunalo SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na tunavyo vyuo vya VETA. Taasisi hizo ziwatafute wahunzi vijijini, ziwapime kwa kazi za mikono yao badala ya vyeti, ziwape zana na soko la halali la majembe, mikokoteni na vipuri. Mhunzi mwenye kazi ya kutosha na jina jema ana kitu cha kupoteza akiletewa kazi ya gobore. Ulinzi wa wanyama wa Maswa unaweza kuanzia kwenye karakana yake, na serikali inapaswa kufika hapo kabla ya jangili.