Ini Lenye Mafuta na Ulimi wa Dhana



Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya mbele msikitini, alipatwa na uchovu usiokwisha akaenda hospitali. Alipopigwa picha ya tumbo ikaonekana kuwa ini lake limejaa mafuta. Aliyempima akamwuliza mbele ya mwanawe: "Mzee, pombe utaiacha lini?" Mtu huyu hajapata kutia kileo kinywani mwake tangu kuzaliwa. Lakini neno lile lilifika barazani kabla yeye hajafika nyumbani, na tangu siku ile akawa anasali chumbani kwake, kwa kuona haya ya macho ya watu.

Je, ndugu zangu, ilikuwa haki kumhukumu kwa ini lake? Yatupasa tuujue ukweli wa jambo hili, kwani leo lingali kwake, kesho laweza kuwa nyumbani kwangu au kwako.

Mafuta huingia katika ini kwa njia nyingi, na zilizo kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ulevi. Ya pili ni unene, khasa wa tumbo, pamoja na ugonjwa wa sukari na mafuta mengi katika damu. Picha huyaonyesha mafuta, wala haisemi yameingia kwa mlango gani. Hata darubini yaweza kuwachanganya wataalamu. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao vipande vya maini yao vilifanana na vya walevi, na hali wao si walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na wengi walikuwa na maradhi yafuatanayo na unene, kama sukari. Mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha jina ugonjwa huu ili uitwe kwa asili yake, yaani kuharibika kwa namna mwili unavyotumia chakula, usiitwe tena kwa kutajiwa pombe. Leo hukisiwa kuwa katika kila watu wazima 10 duniani, 3 hivi wanao.

Basi, damu yaweza kutupambanulia? Yaweza kusaidia sana. Ndani ya ini mna vimeng'enya viwili, AST na ALT, ambavyo humwagika katika damu ini linapoumia. Kwa mwenye mafuta ya unene, aghalabu ALT ndiyo iliyo kubwa: tuseme AST 40 na ALT 64. Kwa mlevi AST huizidi ALT, mara nyingi zaidi ya maradufu: tuseme AST 120 na ALT 50. Sababu yake ni kwamba kileo huumiza sehemu za ndani za chembe zilizohifadhi AST, na tena walevi wengi hupungukiwa na vitamini B6, ambayo ALT yaihitaji zaidi.

Tabibu mwangalifu hutazama pia ukubwa wa chembe nyekundu za damu, kwani kileo kingi huzikuza. Mwaka 2006 wataalamu wa Mayo Clinic hiyo hiyo walitoa hesabu inayokusanya AST, ALT, ukubwa wa chembe hizo, uzito wa mtu kwa kimo chake, na kuwa ni mume au mke. Na kipo kipimo kiitwacho PEth, cha kitu kisichojifanya katika damu ila kileo kimepita humo; kwa mnywaji wa kila siku, alama yake yaweza kukaa wiki 2 mpaka 4.

Lakini kila shahidi ana mpaka wake. Ini likishajaa makovu, AST yaweza kuizidi ALT hata kwa asiyekunywa. Kimeng'enya kingine, GGT, hupanda kwa pombe, na pia kwa unene na kwa baadhi ya dawa. Aliyeacha kunywa miezi mingi, PEth haitamwonyesha. Na mtu aweza kuwa na sababu zote mbili pamoja. Kwa hiyo daktari huziweka namba hizi kando ya maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ndipo akatoa hukumu yake.

Mzee wetu alipopimwa damu na daktari mwingine, ALT ilikuwa juu ya AST, chembe zake ni za kawaida, na sukari imepanda. Watu wa barazani wakanyamaza. Lakini mimi nasema: ilikuwaje tukangoja karatasi ya hospitali ndipo tumsadiki ndugu yetu? Katika Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuhakikisha khabari, akatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Kipimo ni cha tabibu apate kutibu. Si cha baraza lipate kuhukumu.

Nanyi vijana, ikiwa yuko aliyeteleza akanywa, na atubu kwa Mola wake, wala asimfiche daktari, kwani dawa hufuata ukweli.

Ama sisi tusiokunywa, tusijione tumesalimika. Mtume (S.A.W.) ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, na theluthi kwa pumzi. Tutazame futari zetu: sambusa, kaimati, na sharubati ya sukari tele! Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, mafuta ya ini huanza kupungua. Akipunguza kilo 6 mpaka 8, hata uvimbe wake waweza kutulia. Mzee wetu sasa huja msikitini kwa miguu, alfajiri na isha, na amerudi katika safu yake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie maini yetu na ndimi zetu. Amin.